Mifupa ya Milembe

Milembe wa Dutwa alikuwa hakamatiki. Ushirika ulipoacha kuwa mnunuzi pekee wa pamba, kampuni za watu binafsi zilimiminika Bariadi, na kila moja ikaandaa mashindano ya baiskeli ili wakulima wakariri jina lake. Wanawake nao wakapewa mbio zao. Milembe akawaachia wenzake vumbi, mpaka watu wakanong'ona kwamba ana dawa. Dawa gani! Alfajiri alipiga pedeli hadi karibu na Maswa na kurudi, na chakula alikidonoa kama kuku mgonjwa, maana alijiambia kwamba mwili mzito haupandi mlima.

Siku moja, baiskeli ikiwa imesimama, aliteleza tu akauangukia mkono. Anguko la kitoto kabisa. Mkono ukavunjika.

Katika hospitali ya misheni, Daktari Domitila aliitazama picha ya eksirei kwa muda mrefu.

"Dada, hii ni mifupa ya bibi kizee."

"Mimi? Mimi ni bingwa, daktari!"

"Mwezi wako uliuona lini mara ya mwisho?"

"Juzi. Ulikuwa mwembamba, upande wa Maswa."

Domitila alicheka mpaka akavua miwani. Akauliza upya kwa Kisukuma, na Milembe akainamisha kichwa kwa aibu. Tangu aanze mashindano hakuwa ameona damu. Mtoto alimtaka sana, na mama mkwe wake, Nyamizi, alishazunguka kwa waganga akitafuta aliyemfunga tumbo.

"Mwili usiposhibishwa unakata damu," daktari akaeleza, "na damu ikikatika, mifupa inadhoofika. Halafu juu ya baiskeli umekaa, tandiko ndilo linalokubeba. Mfupa unataka kubebeshwa mzigo. Acha mashindano kwanza. Kula, tembea, na ukipona ubebe ndoo."

Milembe alitoka akiwa hajui kulia wala kushoto. Jasho lililomjengea mapaja ndilo lililomlia mifupa? Na wanawake wanaobeba ndoo kichwani, wasiojua hata kushika usukani, ndio wenye mifupa ya maana? Alihisi ametapeliwa, ila hakujua amlaumu nani.

Nyumbani Nyamizi akaja juu. "Njaa? Kwenye boma lenye ng'ombe? Mayu, mama yangu, unataka watu wanicheke?" Lakini tangu siku hiyo alimpakulia mkwewe ugali na maziwa kwa hasira, akamkalia mbele mpaka bakuli likauke.

Msimu wa pamba uliofuata, mkono umepona na gauni linambana, Milembe alikwenda Bariadi na Nyamizi kutazama mbio. Flora, aliyezoea kuwa wa pili, ndiye aliyeongoza. Lakini alikuwa anajivuta tu. Roho ilimuuma Milembe. Mara tumbo likamkata chini ya kitovu. Alikimbilia chooni, na huko akaiona damu.

Alipaswa kufurahi, na kweli alifurahi, lakini kilio kilimtoka kwa sauti huku nje vigelegele vya kumshangilia Flora vikipasua anga. Nyamizi alimfuata, akaelewa, akaanza kumshukuru Mungu na mizimu kwa pamoja.

"Sasa unalia nini, mayu? Hukutaka mtoto?"

"Namtaka, mayu," Milembe akasema, akishindwa kujizuia. "Namtaka sana. Na Flora ningemshinda."