Siku Tuliyotaka Kuuswalia Mto wa Bi Mwanaisha

"Maiti ni mwanamume au mwanamke?" imamu aliuliza, nasi tumesimama mlangoni mwa msikiti, jeneza limetuliwa chini, watu wamejaa mpaka njiani, fundi cherehani na futi yake shingoni, wauza vinyago, hata mpika mahamri mmoja na unga mikononi, na hakuna hata mmoja aliyejua jibu, basi wote wakanigeukia mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikilia kuwashinda wote.

Nikajibu, "Ni mto, shekhe."

Aibu ya siku ile sijaipata tena, na mimi aibu nazijua (niliwahi kuteleza na gunia la sukari mgongoni mbele ya tajiri wangu, likampasukia miguuni). Lakini ile ya mto haikuwa yangu peke yangu, na kwa kuwa miaka yote hii nimeibeba peke yangu, leo wenyewe nawataja kwa majina.

Mimi ni Hamisi, mtu wa Kinango, shule niliiacha mapema, na miaka ile ya tisini nilikuwa kuli wa kupakua magunia kwenye maghala ya Shimanzi, nikimpenda Zuhura wa Ndia Kuu. Zuhura alilelewa na shangazi yake, Bi Mwanaisha, na neno la Bi Mwanaisha ndilo lilikuwa neno, akikataa hakuna pa kukata rufaa. Mama huyo hakutaka posa ije kabla hajaniona mwenyewe kwa macho yake, lakini pia hakutaka majirani waseme nyumbani kwake kumeingia kuli. Ikawa bahati (mimi nilidhani bahati) kulikuwa na tamasha la maigizo mjini, la wakubwa likifanyika ukumbini, na vijana waliokosa nafasi kule wakajifanyia lao pembeni, kwenye vyumba vya chini vya nyumba za Mji wa Kale, kila chumba mtu mmoja anaigiza peke yake mwanzo hadi mwisho, yeye ndiye baba, yeye mama, yeye mbuzi. Bi Mwanaisha alitoa chumba chake. Zuhura akaniambia, "Njoo kama mtazamaji. Shangazi atakuangalia, na wewe jifanye huoni."

Nikaenda na rafiki yangu Kassim, karani wa bandarini, mtu wa kalamu mfukoni na mafuta ya nywele. Tukaanza nyumba ya jirani, ambako kijana mmoja aliigiza muuza kahawa, akaninyooshea kikombe, "Ami, nikutilie?" Mimi nikanyamaza, najua kuwa ni mchezo, nitamjibu nini? Akawageukia watu: "Huyu ameletwa au amekuja mwenyewe?" Chumba kizima kikacheka, na nilipogeuka, mlangoni amesimama nani? Bi Mwanaisha.

Nje Kassim akanishika bega. "Yakhe, umeharibu. Hawa wanaoigiza peke yao hawana mwenzao, mwenzao ni wewe. Ukiulizwa jibu, ukiitwa nenda. Mama yule anataka mwanamume mwenye moyo, si nguzo."

Hilo ndilo kosa langu: nilimsikiliza Kassim.

Chumbani kwa Bi Mwanaisha akaingia kijana mwigizaji, Twalibu. Yeye aliigiza maskini aliyefiwa na mamake na mtaa mzima usije kumzika. Jeneza alilitengeneza mwenyewe, kalifunika kitambaa cha kijani, zuri kuliko majeneza ya kweli (na hili naye ajibu, mchezo wa chumbani una haja gani na jeneza la kubebeka?). Ndani aliweka mto mrefu aliouazima kwa Bi Mwanaisha, kwa ahadi kuwa kitambaa hakitafunuliwa. Akalia, akapiga magoti, mimi machozi yananitoka kweli, nikimkumbuka mamangu. Mara akasimama, akatukazia macho:

"Jamani, Mji wa Kale mzima hauna mwanamume wa kunitolea mamangu?"

Bi Mwanaisha akanitazama. Mtu wa pwani hii ataulizwa neno hilo akae kitako? Nikainuka, nikatia bega mbele. Kassim akatia nyuma, na wawili wengine kati. Nia yangu ilikuwa kufika mlangoni na kurudi, wallahi.

"Weka chini, shekhe," Twalibu akaninong'oneza, "sijamaliza, kuna kilio cha pili!"

Lakini nyuma nasikia Kassim, "Twende, Hamisi, usisimame, mama anakuangalia!" na huku anasukuma, na mlango uko wazi kwa sababu ya joto, na mara tuko Ndia Kuu.

Sasa wewe unaijua desturi yetu. Jeneza likipita huulizi la nani, unaacha ulichoshika unakwenda kutia bega, hatua chache unampisha mwenzio, yule anampisha mwingine. Muuza vinyago akanipokea, fundi akampokea yeye, shahada zikaanza, na kabla sijageuka jeneza liko mbali mbele, linaogelea juu ya vichwa vya watu, na mimi niko nyuma kabisa nakimbia.

"Hakuna maiti!" nikapiga kelele. "Jamani, hakuna aliyekufa!"

Mzee mmoja akanikumbatia. "Najua, mwanangu. Mwanzo huwa hivyo, moyo haukubali."

"Mzee, ni mchezo!"

"Dunia yote mchezo, baba. Vumilia."

Nikalia kwa hasira, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kunishika mikono.

Ndipo tukafika pale kwa imamu. Akafunua kitambaa taratibu, na mto ule ukawatazama wanaume wote wa mji, foronya nyeupe, imetariziwa kwa uzi mwekundu: *Lala Mpenzi*. Ilikuwa, nilikuja kuambiwa, foronya ya harusi ya Zuhura, aliyoishona Bi Mwanaisha kwa mkono wake, haijawahi kuonwa na mtu. Imamu akaifunika upesi, akasema kwa upole, "Rudisheni kitu cha watu." Na Twalibu akatokea mbio, masizi aliyojipaka kwa mchezo yamemchuruzika usoni kwa jasho, "Nirudishieni mamangu!"

Mto nikautia kwapani nikaurudisha mwenyewe. Kassim sikumwona njia nzima. Nilimkuta kibarazani kwa Bi Mwanaisha, anampepea, mkononi ana glasi ya sharubati.

"Mimi," mama akasema bila kunitazama, "simpi mwanangu mtu anayemtembezea kitanda chake njiani."

Kabla ya mwaka kwisha Zuhura aliolewa. Na Kassim. Nilialikwa, nikala biriani (nzuri, siwezi kusema uongo). Toka siku ile sikuingia tena penye maigizo, na hata jeneza la kweli nasubiri kwanza nisikie jina la marehemu ndipo nitie bega.

Lakini Idi iliyopita nilikwenda kwa Kassim kumpa mkono, nikakaribishwa sebuleni, nikaegemea, nikahisi nyuzi mgongoni. Nikageuka. *Lala Mpenzi*, uzi umepauka kidogo tu.

Basi Twalibu nimemsamehe, na Bi Mwanaisha Mungu amrehemu. Kassim yu hai, anasoma, na haya atayasoma. Nataka atoke, akae barazani mbele ya watu walewale, anijibu moja tu: siku ile ulipokuwa nyuma unasukuma, Kassim, ulikuwa unalisukuma jeneza au unanisukuma mimi?