Nyumba Aliyoitafuta Bibi Huko Kasanga

Chokaa iliyonyeshewa mvua ina harufu yake, na kila ninapoinusa huwa mtoto tena katika vichochoro vya mji wa zamani wa Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika. Sisi watu wa Mollo, kijiji cha huko juu Ufipa, nyumba zetu zilinukia moshi na unga wa ulezi. Chokaa niliijua kanisani tu. Kwa hiyo, mtaniwia radhi, siku ile nilipoinusa mtaa mzima nilidhani Kasanga watu wote wanalala kanisani.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, na nyumbani kwetu hapakuwa na amani. Dada yangu Ludovika alikuwa ameposwa na Salehe, kijana wa familia moja ya wenye maduka Sumbawanga mjini. Baba, ambaye hakukosa misa hata siku ya mvua ya mawe, alisema maneno machache: "Binti yangu hataolewa na Mwislamu nikiwa hai." Ludovika akawa analia huku anatwanga. Bibi, mama yake Baba, alikuwa na neno kwa kila jambo, hata kuku akitaga vichakani, lakini safari hii hakusema kitu. Siku chache baadaye akatangaza kwamba anakwenda ziwani kununua samaki, na mimi nitafuatana naye. Tulitazamana. Kwa tulivyojua sisi, Bibi hakuwahi kuliona ziwa maishani mwake.

Tulipanda lori la mahindi. Tulipoanza kuteremka kutoka Ufipa kwenye baridi yetu, joto lilitupokea taratibu, hadi Bibi akavua shali aliyokuwa halali bila hiyo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha tulipofika. Nilitaka twende moja kwa moja ufukweni kwenye samaki, lakini Bibi akashika njia nyingine.

"Tutembee kwanza," alisema. "Mji haujulikani kwa kukaa."

Basi tukatembea. Tulipita chini ya boma la Wajerumani, kuta nene kama za ngome, na mbuzi wamesimama mlangoni mahali pa askari. Tulipita nyumba za baraza zenye milango mizito, na nyingine zilizobaki kuta tupu, mipapai imeota vyumbani na kuchungulia madirishani kama wenye nyumba. Wanawake walianua dagaa waliolowa huku wakigombana na mawingu. Nilijikwaa kila hatua kwa kukodoa macho. Bibi hakujikwaa.

"Hapa palikuwa soko la chumvi," alisema. Mbele kidogo akasimama kwenye uwanja uliojaa nyasi. "Na hapa ndipo walipopangwa wapagazi."

"Bibi, umejuaje?"

"Tembea, mwanangu."

Tukakata kushoto, tukakata kulia, na kichochoro kikaishia kwenye lundo la mawe na udongo. Bibi alirudi nyuma, akatazama huku na huku, akaenda tena mpaka kwenye lundo. Kisha akakaa juu yake. Sikuwahi kumwona Bibi akiogopa, kwa hiyo sikuitambua hofu ile. Nilifikiri amechoka.

Fundi cherehani alikuwa akishona barazani jirani. Bibi akamuuliza kwa sauti ndogo, "Baba, samahani. Nyumba ya Bi Tausi, mke wa fundi mashua?"

"Ile ilianguka, mama. Muda sasa."

Bibi akaweka mkono mdomoni. Fundi akaona, akasimamisha cherehani upesi. "Hapana, hapana! Iliyoanguka ni nyumba, si mwenyewe. Yuko kwa mwanawe, nyuma ya msikiti."

Tulimkuta uani, kizee kidogo kilichokaa mkekani kikichambua mchele.

"Hodi."

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, Anastazia. Yule wa Mollo, mke wa mpagazi."

Bi Tausi aliweka ungo chini. Hakuuliza hali, hakuuliza za safari. Aliuliza, "Mwanangu alipona?"

"Alipona. Huyu ni binti yake."

Akanivuta, akaninusa utosini, akanishika uso wote kwa viganja vyake vikavu, akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. "Masikio yale yale!"

Niliyapata mengine tukila wali. Wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza, babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya askari. Bibi, mjamzito, alimfuata hadi ziwani akiwa na unga kichwani. Meli ikaondoka na mumewe. Yeye akajifungua nyumbani kwa watu asiowajua, homa ikampiga, maziwa yakakauka, mtoto akawa anadhoofu. Bi Tausi alikuwa ananyonyesha mwanawe Rashidi, akamweka Baba kwenye titi la pili mpaka mvua zikaisha. Babu hakurudi. Bibi alipopanda Ufipa na mtoto mgongoni, wakwe zake walimwambia mambo ya Kasanga yaishie huko huko.

"Na miaka yote hii, dada?" Bi Tausi aliuliza.

"Niliogopa kuja nikaambiwa umekufa. Niliona afadhali nisijue."

Tuliporudi, Bibi alimwandalia Baba migebuka, samaki wale wa ziwani, akangoja ameanza kula.

"Yosefu," akasema, "mama yako aliyekunyonyesha anakusalimu."

Akamweleza yote. Baba alibaki na tonge mkononi. "Mbona unaniambia leo?"

"Kwa sababu leo unawafukuza watu waliokulea."

Baba alitoka nje akapasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Wiki iliyofuata akateremka Kasanga mwenyewe, akakawia kuliko mtu aliyefuata samaki. Alirudi na mwanamume mnene mwenye kofia, asiyefanana naye hata kidogo, akatuambia, "Huyu ni kaka yangu Rashidi. Mwamkieni." Wazee wa Salehe walipoitwa, Rashidi alikaa upande wetu, baba mkubwa wa bibi harusi, na aliwahoji kwa ukali kuliko Baba.

Kwa miaka mingi niliamini Bibi alikwenda Kasanga kwa ajili ya Ludovika. Sasa nina umri wake wa wakati ule, na sioni hivyo. Angeweza kumwambia Baba palepale Mollo, naye asingembishia. Nadhani alitaka kujua kama bado yupo mtu mmoja duniani aliyemwona alipokuwa msichana, amelala na homa kwa wageni, akimngoja mume. Mtu ambaye hakuhitaji kusimuliwa.

Nawaona bado Bibi na Bi Tausi walivyoagana siku ile, wamesimama kichochoroni.

"Nenda basi, lori litakuacha."

"Ingia ndani kwanza."

"Siingii mpaka uende."

"Basi siendi mpaka uingie."

Lori lilipiga honi, likapiga tena. Hakuna aliyesogea.