Kisiwa Katikati ya Jiko la Desanka

Desanka alipotangaza kwamba anataka kisiwa, mumewe Velimir aliweka chini kikombe cha kahawa akauliza kama na bahari nayo italetwa.

"Wewe cheka tu," Desanka akamwambia. "Miaka yote napika nimeugeukia ukuta. Watu wanacheka nyuma yangu, mimi nasikia tu kama redio. Sasa nataka kuona nyuso. Wako kwanza."

Pale Čačak, mji mdogo wa Serbia, hakuna aliyefua dafu mbele ya Desanka kwa maharage ya kuoka, wala kwa ubishi. Alishona makoti kiwandani hadi kiwanda kikafungwa, akalea mabinti wawili, akamzika mama mkwe aliyekuwa mkali kuliko siki. Alipostaafu akaona zamu yake imefika. Alichotaka ni meza ya kabati isimame peke yake katikati ya jikoni, isiguse ukuta, na jiko la umeme lizamishwe juu yake, ili anayepika awatazame waliokaa.

La rohoni hakulisema lote. Velimir ni mtu wa maneno ya kuhesabu, ila mkewe akishika mwiko na kumpa mgongo, hapo hufunguka kama gunia lililokatwa kamba. Habari za kupunguzwa kazi alizitolea hapo, msiba wa kaka yake aliulilia hapo. Hata uchumba aliuomba hivyo hivyo, Desanka akiwa ameziinamia pilipili kwenye kikaango cha mama yake, na alipogeuka kujibu, kijana alikuwa keshatoka nje. Basi mwanamke aliyajua yote ya mumewe asiujue uso uliokuwa ukiyasema. Aliutaka uso huo kabla uzee haujawafikisha pabaya.

Fundi Ostoja, seremala wa mtaa wa pili, akaja na tepu yake, penseli sikioni.

"Jirani, tuache nafasi mlango wa oveni ufunguke na mtu apite," akasema akipima. "Waya utapita chini ya sakafu, kwa hiyo vigae hivi kwaheri. Mtaka cha mvunguni huinama, na mtaka kisiwa avunje vigae."

"Na upepo?" Velimir akauliza.

Fundi akatazama mlango, akatazama dirisha, akavua kofia. Watu wa huko wamepita vita na njaa wakatoka wazima, lakini upepo unaopita kati ya mlango na dirisha wanauogopa wote, msomi na asiyesoma. Kisiwa kingekaa njiani pake kabisa.

"Shangazi yangu alimenya viazi kwenye upepo wa namna hii," Ostoja akasema kwa sauti ya matanga. "Mdomo ukaenda upande."

"Shangazi yako nilisoma naye, alikuwa hivyo tangu shule," Desanka akajibu. "Dirisha litafungwa. Andika."

Ostoja akaona aokoe ndoa ya watu. Akashauri wajaribu kwanza: wapange kreti za bia katikati ya jikoni, walaze juu yake mlango wa zamani, waweke jiko dogo la umeme, waishi nalo wiki moja ndipo vigae vivunjwe. Wakafanya hivyo. Desanka akasimama nyuma ya kreti zake kama mwenye duka, mumewe mbele yake, mwanga ukimwangukia usoni.

Siku ya kwanza Velimir alikula kimya. Kesho yake alisifu supu, huku akiitazama chumvi. Kisha akaanza kujificha nyuma ya karatasi ya matangazo ya bucha, akiisoma bei ya nguruwe kama mtu anayesoma mkataba.

"Mzee, umekuwa bubu?"

"Nakula."

"Huli. Sahani imejaa."

"Basi nasubiri ipoe."

Uso Desanka aliupata, maneno yakapotea. Akajisikia mpweke kuliko alivyopata kuwa mbele ya ukuta, na jambo hilo likamuuma sana.

Wiki ilipokwisha Ostoja akaja kuchukua jibu, akamkuta anakoroga mchuzi.

"Achana nacho, fundi," akamwambia bila kuacha kukoroga. "Jiko libaki ukutani."

Velimir akanyanyuka. Akaenda kwenye sinki, akafungua maji, akaanza kusugua sufuria, yeye ambaye hajawahi kuosha hata kijiko. Mgongo wake ukawa kwao.

"Vunja vigae, Ostoja," akauambia ukuta.

Ostoja alisema nyundo ameisahau kwenye gari, akatoka.

"Ukinipa mgongo, mke wangu, mimi bado kijana," Velimir akaendelea, maji yakimwagika. "Ukinitazama nakumbuka nilivyozeeka, naona haya. Nani atafungua moyo wake akiwa na uso kama huu? Lakini kukuona ukikiacha kisiwa chako kwa ajili yangu, hapana. Hilo siliwezi."

Desanka alisimama na mwiko mkononi. Kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa nyuma. Akaiona shingo ya mumewe yenye mikunjo, na masikio yaliyoiva kwa aibu, makubwa, mekundu, ya kupendeza kupita kiasi.

"Umezeeka kweli," akamwambia polepole. "Endelea. Sufuria hiyo bado ina masizi."

Velimir akaendelea kusugua na kusema, kusema na kusugua, mpaka mchuzi ukaungua, wakaisikia harufu wote wawili, na hakuna aliyesogea.