Mipira Niliyomwandalia Collins

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha vifaa nilikabidhiwa kapu la soksi zilizolowa jasho, nikaambiwa nisiguse kitu kingine chochote. Aliyeniambia hivyo ni mkuu wa vifaa, Wes Trask, na jina lake naliandika kwa makusudi. Ninyi vijana wetu mnaoanza kazi sasa huku Texas mtakutana na wakuu wengi, wema na wabaya, na mimi sioni faida ya kuwafichia wabaya.

Kabla ya hapo nilikuwa ghalani, Fort Worth, kama Warundi wengi tuliofika kutoka makambi ya Kigoma. Shule niliishia darasa la nne, vita ilipotukimbiza. Kiingereza nilikisomea kwenye maandishi ya maboksi. Msimamizi wangu wa zamu alikuwa Gary Stimmel. Siku mgongo uliponikatika chini ya friji, nikashindwa kunyooka, alisema nakwepa kazi, akanirudisha kwenye mstari wa kubeba mizigo. Mgongo huu mnaouona umepinda ni kazi ya Stimmel. Nilipopata nafuu ya kuweza kusimama, jamaa mmoja wa kanisani akanitafutia kazi ya kufua nguo za timu ya mpira, katika chuo kidogo kati ya Dallas na Fort Worth.

Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, wa kushika kwa mikono, mrefu kama papai. Ule wa miguu niliokua nao kambini haukunisaidia kitu.

Nieleze kazi ilivyokuwa. Jezi hurudi na majani, udongo na damu. Damu unailoweka kwa maji ya baridi. Ukiitia ya moto umeipika, haitoki tena. Helmeti ina mifuko ya hewa ndani, unaijaza kwa pampu ndogo mpaka ikamate kichwa. Unaishika, unaitikisa, na ngozi ya paji la uso lazima iende pamoja nayo. Helmeti ikicheza peke yake, mchezaji huyo haendi uwanjani. Halafu kuna mipira. Mpira mpya unatoka kiwandani na utando wa nta, unateleza kama kambare. Unaulowesha, unausugua kwa brashi, unaupaka tope lake maalumu, unauacha ukauke, unausugua tena mpaka ngozi ianze kushika kidole. Kila timu inashambulia kwa mipira yake yenyewe, kwa hiyo ukiharibu, umewaharibia wa kwenu.

Kazi hiyo Trask ndiye aliyenifundisha, hilo simnyimi. Alikuwa akisimama nyuma yangu na kikombe chake cha kahawa.

"Deo, usiupendezeshe. Nataka yote ifanane. Kijana akifumba macho asijue ameshika upi."

Nikaifanya ikafanana. Misimu ikapita, nikatolewa kwenye kufua nikawekwa pembeni ya uwanja siku za mechi, na begi la mipira begani. Kwa mtu aliyetoka nilikotoka mimi, kusimama pale kwenye majani, bendi inapiga, si jambo dogo.

Ndipo akaja Collins.

Mama yake ni Mkenya, nesi, anakaa Cedar Hill. Tulikuwa tukikutana kwenye harusi na misiba ya watu wetu, yeye ananiita Baba Chantal kwa jina la binti yangu, mimi namwita Mama Collins. Kijana alikuwa anasikia Kiswahili chote, ila ukimsalimia anakujibu "Niaje, anko," kisha anamalizia kwa Kiingereza. Alikuwa kwotabeki wa akiba. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kwanza na kuamua aurushe kwa nani. Mbele yake wenzake watano wanajenga ukuta, na upande wa pili majitu yanaubomoa ukuta huo yamfikie yeye. Muda alio nao ni wa kuvuta pumzi na kuitoa.

Kwotabeki mkuu aliumia goti, Collins akaingia. Mazoezini alikuwa anarusha mpira unakwenda kama umefungwa kwenye kamba. Siku ya mechi, ukuta ukianza kutikisika, macho yake yalikuwa yanashuka. Badala ya kuangalia mbali, kwa wanaokimbia kupokea, alikuwa anaangalia majitu yanayomjia. Miguu inacheza, mpira unatoka ovyo, unadakwa na maadui. Mimi niliiona hofu yake mahali pengine, kwenye kinga ya meno, kile kipande cha plastiki wanachokiuma wakicheza. Wenzake kinga moja inawatosha muda mrefu. Ya kwake ilikuwa inarudi kwangu imetafunwa kama muwa.

Basi, katika mechi moja ya nyumbani, mpira wake ulidakwa mara tatu. Kila alipotoka uwanjani, kichwa chini, akipita mbele yangu, nilimwambia kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angemwambia.

"Sori, baba. Sori sana."

Kocha mkuu alikuwa karibu. Trask pia.

Jumatatu kocha mkuu akauliza ofisini kama mipira ilikuwa na tatizo, maana wazee waliosoma chuoni hapo zamani walikuwa wanamsumbua kwa simu na yeye alikuwa anatafuta la kuwajibu. Trask angeweza kusema ukweli. Alikuwa ameikagua mipira ile kwa mikono yake asubuhi ya mechi.

"Deo mwenyewe amekiri," akasema. "Alimwomba kijana msamaha kila mara. Nilimsikia kwa masikio yangu."

Nilijaribu kueleza. Kiingereza changu kikaniishia katikati. Nikabaki nasema "No, sori is not sori," na wao wakanitazama kama mtu aliyelewa. Jioni hiyo nilirudishwa kwenye mashine za kufulia. Trask alinifungulia mlango mwenyewe, kwa adabu kabisa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Collins akaambiwa atulie, kosa halikuwa lake, mipira ilikuwa inateleza. Mtu angedhani hapo atapona. Wapi! Kutoka dirisha la chumba cha kufulia nilikuwa nauona uwanja wa mazoezi. Alikuwa anaugeuza kila mpira, anaupangusa, anaomba mwingine, anaupangusa tena. Waliposema kosa ni la mpira, wakamfanya auone kila mpira ni adui. Kocha mkuu naye hakuwa na subira nyingi iliyobaki. Mechi iliyofuata, baada ya wiki moja ya mapumziko, ilikuwa Houston, na chuo kizima kilijua kwamba Collins akiharibu huko, nafasi yake inakwenda kwa mwingine na hairudi.

Jumapili hiyo tulikuwa na ubatizo wa mtoto wa jirani. Mama Collins alinikuta jikoni kwenye ukumbi wa kanisa, ameshika sufuria la pilau.

"Baba Chantal, si uniambie ukweli. Kijana anasema ulikubali mipira ilikuwa mibaya."

"Nilikubali wapi? Mimi nilimwambia pole."

"Kwa Kizungu?"

"Kwa Kizungu. Nikasema sori."

Aliweka sufuria chini, akacheka mpaka akashika meza.

"Ai! Hiyo sori nusura inifutishe kazi! Mgonjwa alianguka bafuni siku yangu ya ofu. Kesho yake naingia, namwambia, oh, sori mama, sori sana. Mkubwa wangu ananiita kando: Rose, ulimfanya nini? Nikamwambia, nimfanye nini na sikuwa hata kazini? Hawa watu hawana pole, Baba Chantal. Wako na sori peke yake, na sori yao ni ya mwenye makosa."

Nikacheka na mimi, kwa mara ya kwanza wiki ile. Kisha akaangalia mlango.

"Lakini huyu mtoto hali chakula. Anakaa tu na simu anaangalia vile mipira yake ilidakwa."

"Mwambie hiyo ya sori," nikamwambia.

Kesho yake Collins alikuja kwenye chumba cha kufulia. Nilikuwa natoa taulo. Akakaa juu ya kapu.

"Anko, mum ameniambia. Ile ilikuwa pole."

"Ilikuwa pole. Ukianguka nikuambie nini? Hongera?"

Akacheka kidogo. Halafu akaniuliza, sauti imeshuka, "So mipira ilikuwa sawa?"

"Uliishika wewe. Vidole vyako vilikuambia nini?"

Akaviangalia vidole vyake mpaka mashine ikamaliza mzunguko.

"Ilikuwa sawa," akasema. "Ilikuwa mimi."

Nilidhani atalia. Badala yake nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetua gunia. Akaendelea kwa Kiingereza, na mimi nilielewa vizuri: kama ni yeye, basi kuna la kufanya, macho yake anaweza kuyainua, lakini mpira hawezi kuufundisha chochote. Akatoka mbio.

Nikaitwa ofisini mchana. Collins amesimama, Trask amekaa, kocha mkuu anazungusha kalamu.

"Huyu anasema mipira ilikuwa safi," kocha mkuu akasema. "Anasema alikuwa anaangalia wanaomkimbilia badala ya kuangalia mbele."

Trask akasema kijana ana moyo mzuri, anamkinga mtu mzima.

"Simkingi mtu," Collins akamjibu. "Na ninamtaka pembeni ya uwanja Houston."

Kocha mkuu alimtazama Trask kwa muda. Hakumkaripia, na mpaka leo sijui kwa nini. Akamgeukia Collins. "Umelijua kosa lako, vizuri. Utaanza Houston. Macho yakishuka tena, nakutoa, na usije kuniuliza."

Trask alinipa mgongo njia nzima ya Houston. Mimi nilikaa na begi langu la mipira mapajani kama mtoto mchanga.

Nasema mapema ili msingoje: tulishindwa. Lakini sikilizeni.

Wakenya wa Missouri City walikuja kwa wingi, shangazi zake Collins mbele, bendera shingoni. Kelele zao zilikuwa zinashuka mpaka pembeni ya uwanja.

"Collo! Rusha hiyo kitu! Unaikumbatia ni ya mamako?"

"Wee, wacha kijana apumue!"

"Apumue kwani yuko hospitali?"

Kipindi cha kwanza mpira wake ukadakwa. Shangazi wakakaa chini. Kwotabeki aliyekuwa akiba yake sasa akaanza kunyoosha mikono, kocha mkuu akamwangalia. Collins akaja pale nilipo.

"Pole, baba," nikamwambia, kwa Kiswahili safari hii.

"Asante, anko." Akanywa maji. "Niliharakisha. Nipe mpira."

Nikampa. Hakuugeuza, hakuupangusa. Akaenda kuurusha na mwenzake nyuma ya benchi, taratibu, macho juu. Kocha mkuu akaona. Yule wa akiba akaambiwa akae.

Mwisho kabisa tulikuwa nyuma kwa mabao. Ukuta ukabomoka upande wa kulia, jitu likapita wazi, hakuna wa kulizuia. Niliona kila kitu kwa sababu nilikuwa nimesimama usawa mmoja na ule ukuta. Collins aliliona pia, lazima aliliona. Miguu ikatulia. Kidevu hakikushuka. Akasubiri, akasubiri tena, akaurusha, na jitu likampiga kifuani wakaanguka wote wawili. Hakuona mpira ulikotua. Sisi tuliona: ulitua mikononi mwa mwenzake, ndani ya eneo la bao. Haukutosha kutupa ushindi, lakini uwanja ule wa ugenini ulisimama kumtazama kijana wa Cedar Hill akiinuka na majani kwenye meno, akiuliza, "Amedaka?"

Kocha mkuu alimngoja mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo. "Wiki ijayo unaanza wewe," akasema, akaondoka. Hotuba nzima ndiyo hiyo.

Mwaka huu mgongo umekataa kabisa, nimestaafu kabla ya umri wangu. Trask bado yupo, na nasikia bado anaisimulia ile habari ya mipira inayoteleza, anawachekesha wageni. Stimmel amepandishwa cheo. Sijawasamehe, na padri analijua hilo. Mkiingia kwenye kazi zao, jifunzeni Kiingereza cha kujitetea kabla ya Kiingereza cha salamu. Mkipewa sifa ya kazi isiyo yenu, ikataeni. Mkipewa lawama isiyo yenu, ikataeni kwa sauti kubwa zaidi, na mtafute shahidi. Ila iliyo yenu msimwachie mwingine aibebe. Hilo nimefundishwa na mtoto niliyeweza kumzaa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kuangalia mechi, nikiwa nimelipa tiketi kama watu, nimekaa na Mama Collins jukwaani. Sikuwahi kuuona uwanja kutoka juu. Mpira wa kwanza mrefu wa Collins ulidakwa na maadui. Mzee mmoja Mmarekani nyuma yetu akasimama, akaanza kupayuka wamtoe, wamtoe huyo. Kule chini niliona Collins anawageukia wenzake, anajipiga kifua kwa kiganja: yangu hiyo. Kisha akaenda kusimama ukingoni mwa uwanja, helmeti kichwani, akingoja zamu yetu ya kushambulia.

Nikageuka nyuma, mgongo ukalia.

"Kaa chini, bwana," nikamwambia yule mzee kwa Kiingereza changu hiki. "Anarudi."