Kwaheri ya Mtu Anayerudi

Umewahi kuomba ruhusa kwa mtu usiyemjua ili ukamguse mkeo tumbo?

Miro wa Lomba Preta aliiomba. Alivaa suti ya harusi, akapanda ndege ndogo kutoka kisiwani kwetu Fogo mpaka mji mkuu, Praia, akasimama mbele ya kioo cha ubalozi na kumwambia binti mmoja wa Kimarekani ukweli wote. Ndiyo, mkewe Ivandra anaishi Brockton, karibu na Boston. Ndiyo, ameshamwombea kuhamia, na faili lao linangoja zamu. Hapana, hataki kuruka foleni. Ivandra alikuja nyumbani wakati wa Kanivali, akarudi kwenye kazi yake ya kutunza wazee akiwa na mimba, na sasa mtoto ameanza kucheza. Wiki tatu tu zinamtosha. Yule binti akamwambia viza ya matembezi atapewa.

Hela zetu huvuka bahari kabla hujameza mate. Mapipa ya nguo na mchele huvuka. Sauti huvuka ndani ya simu usiku na mchana. Ni mwili wa mtu peke yake unaosimamishwa mlangoni na kuulizwa moyo wake umelala upande gani, na waliojenga mlango huo wanauita utaratibu. Lakini Miro hakurudi na hasira hizo. Alirudi akiimba kwa sauti mbaya, na barabarani akawapa habari hata mbuzi.

Ivandra ndiye aliyempunguza kasi.

"Sikiliza, mume wangu," alisema kwenye simu. "Hiyo viza ni kengele ya mlango, mlango wenyewe bado. Ukifika Boston yuko ofisa anayeweza kukurudisha na ndege ileile. Akiona umekuja kuhama kabla ya zamu yako, na faili letu linaingia matatani. Njoo na sanduku jepesi. Usidanganye hata neno. Na akikuuliza una nini cha kukurudisha nyumbani, uwe nacho."

"Ninacho. Nina nyumba, mama, mbuzi, punda, na barabara ya kanisa sijaimaliza."

"Basi vitunze vyote."

Kutunza kulimshinda, kwa sababu kijiji kilikuwa kimeshaamua. Lomba Preta inajua kuaga kuliko inavyojua kulima. Kila sebule ina picha ya mtu aliyekwenda Amerika, na hakuna mtu hata mmoja aliyekwenda akarudi mwezi uleule. Kwa hiyo Jumamosi, bila kumuuliza, walimwandalia karamu ya kuagana kama wanavyomwandalia anayeondoka moja kwa moja. Kachupa yetu ya mahindi na maharage ilichemka tangu alfajiri, zeze na magitaa yakafika, na wapigaji wakaanza na ule wimbo wa bandarini ambao kwetu hauchezwi, watu huulilia tu.

"Jamani, naenda kutembea!" Miro alipiga kelele juu ya muziki. "Wiki tatu!"

"Na baba yako alikwenda kutembea," alijibu mama yake, Nha Bibina, akifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. "Mpaka leo anatembea."

Watu wakacheka, kisha wakalia tena. Binamu yake Adérito alikuja akiwa na kamba mkononi.

"Miro, ndugu yangu, usijali. Ministro nitamlisha mimi."

"Unampeleka wapi punda wangu?"

"Kwangu. Na wale mbuzi pia. Jana nilishawatoa, ili wazoee."

"Wazoee nini? Nitarudi kabla hawajakuzoea!"

"Sawa, sawa," alisema Adérito, akimpigapiga begani kama mgonjwa. "Ukishafika huko, viatu namba arobaini na mbili."

Miro alikuwa bado anamtafutia jibu alipoketi kando yake Nhô Quirino, msimamizi wao wa kutandika mawe barabarani. Miro ni mtandikaji. Ana mkono wa kulijua jiwe la volkano kwa kuligonga mara moja. Nhô Quirino alimkumbatia akaangua kilio.

"Hatutapata mwingine kama wewe, mwanangu. Hata huyu Zeca niliyempa nafasi yako, mawe yake yanakaa kama meno ya bibi yangu."

Kijiko cha Miro kilisimama hewani. "Umempa nani nafasi yangu?"

Usiku ule alikaa kwenye kizingiti akijumlisha. Mbuzi hana. Punda hana. Kazi hana. Kitanda kilikuwa kimeahidiwa kwa jirani anayeoa. Watu waliompenda walikuwa wamemfyeka mizizi yote kwa sherehe moja, na yule ofisa wa Boston akiuliza swali lake, Miro angejibu nini? Angerudishwa hata harufu ya Ivandra hajaipata, na mtoto angezaliwa babake akiwa picha ya sebuleni, kama yeye alivyokuzwa na picha.

Jumapili ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yohane. Kwetu bendera ya mtakatifu hupokezanwa. Anayeichukua hulala nayo chumbani mwaka mzima, na sikukuu ifuatayo ndiye anayelisha kijiji, kuanzia mahindi ya kutwanga mpaka nyama wanayopewa wapanda farasi wakimaliza mbio zao, maana hao hula kuliko farasi. Mtu aweza kuikimbia mahakama, akamkimbia hata mke. Bendera hakuna aliyewahi kuikimbia.

Aliyekuwa nayo aliinua mlingoti mbele ya kanisa na kuuliza nani anachukua. Mvua zilikuwa zimetunyima, kila mmoja akakitazama kiatu chake. Akauliza tena. Ndipo Miro alipoona mguu wake umeshatangulia.

"Nachukua mimi."

"Miro, rudi ukae!" alifoka Nha Bibina.

"Nachukua! Tangu jana mnanizika na nipo hai. Mmegawa punda wangu, mmegawa kazi yangu, mmeniimbia wimbo wa bandarini. Haya, leteni hiyo bendera, nimwone atakayesema sirudi!"

Aliukamata mlingoti kwa mikono miwili. Kitambaa kikapigwa na upepo juu ya vichwa vyao. Kisha Nhô Quirino akasema taratibu, kama mtu anayeamka, "Basi huyu kweli anakwenda kutembea," na kanisa lote likalipuka kwa vicheko na vigelegele.

Mama yake peke yake hakucheka. "Watu mia nne! Nani atawapikia?"

"Mimi na wewe, mamá."

"Mimi na wewe," alimwigiza. "Usiporudi, nitakufuata huko nikutoe kwa sikio."

Kabla jua halijazama Adérito alimrudisha Ministro na wale mbuzi, akiwa ameudhika kidogo. Zeca alipelekwa kubeba mchanga. Nha Bibina alikubali bendera isimame pembeni mwa kitanda cha mwanawe. Sanduku alilifunga mwenyewe. Alisema mwanamume hajui kukunja shati.

Boston, ofisa alikuwa mtu mnene mwenye masharubu, aliyezungumza Kireno cha nyumbani kwa wazazi wake, visiwa vya Azores. Alisoma skrini muda mrefu.

"Mkeo amekuombea kuhamia."

"Ndiyo, bwana."

"Na umekuja kabla ya kukubaliwa."

"Nimekuja kumwona tu. Kisha narudi kungoja."

"Wote wanarudi," alisema ofisa, akafungua sanduku. Jibini ya mbuzi, kahawa, mashati yaliyokunjwa vizuri. Chini ya mashati, ndani ya taulo, akatoa nyundo ya kutandikia mawe. Mpini ulikuwa umeng'arishwa na kiganja cha Miro mwenyewe.

Miro akajiona kwa macho ya ofisa. Huyo hapo, mtu asemaye hakuja kufanya kazi.

"Hii ya nini?"

Uongo ulimjia mara tatu, na mara tatu akaona uso wa Ivandra. "Ni ya kazi yangu, bwana. Ila sikuitia mimi. Mama yangu. Mpaka leo moyoni anaamini nimehama, akaona nisihame mikono mitupu."

"Na wewe unaamini nini?"

Miro alitoa simu, akamwonyesha picha: yeye, padri, farasi mmoja aliyefumba macho, na bendera. Akaeleza kwa pumzi moja: mwaka mzima chumbani, mahindi, mia nne, mvua iliyokataa. Masharubu ya ofisa yakaanza kutetemeka.

"Na usiporudi, nani anawapikia hao mia nne?"

"Mama yangu."

"Huyuhuyu wa nyundo?"

"Huyuhuyu."

Ofisa alicheka mpaka mwenzake wa dirisha la pili akageuka. Kwao pia, alisema, kuna sikukuu ya namna hiyo, na shangazi yake hajamsamehe mpaka leo mtu mmoja aliyeikimbia. Akagonga muhuri, akairudisha nyundo kwenye taulo. "Wiki tatu. Na hii isiguse jiwe hata moja la Marekani."

"Haitagusa."

Ivandra alikuwa amesimama nyuma ya kamba, mkono kiunoni, mzuri kuliko simu ilivyokuwa ikimwonyesha. Alimchukua mkono akauweka tumboni, na mtoto, ambaye hakuomba ruhusa kwenye ofisi yoyote, akampiga baba yake teke.

Asubuhi yake Miro aliamshwa na minong'ono. Alifungua mlango wa mbele, akakuta ngazi imejaa watu wa Lomba Preta wanaoishi Brockton, wengine hajawaona tangu utotoni, kila mmoja na mfuko. Viatu namba arobaini na mbili. Dawa ya presha ya shangazi. Gauni la komunyo. Habari ilikuwa imeenea kwamba kuna mtu anayerudi, na jambo kama hilo hawakuwahi kulisikia.

"Nipisheni," ilisema sauti. Nha Tutuca, kikongwe aliyeondoka kwetu kabla Miro hajazaliwa, alipanda akiwa amekumbatia mchi mrefu wa kutwangia. Alimwekea Miro mikononi.

"Nilikuja nao nikiwa msichana. Hapa nikitwanga, jirani wa chini anaita polisi. Wewe si ndiye wa bendera?"

"Ndimi, Nha Tutuca."

"Utwangie huu. Uwaambie ni wangu."

Akageuka kushuka. Jiwe la ngazi ya pili, lililolegea, lilicheza chini ya mguu wake. Miro akalitazama jiwe lile. Akamkabidhi Ivandra mchi, akatia mikono yote miwili mifukoni.