Fundi aliyerudisha visu vipande vipande

Saa moja na nusu asubuhi, Bi Makali ananusa kisu.

Anakipitisha puani mara mbili, anakiweka juu ya benchi, kisha anamtazama mwenye kisu kwa jicho la mama mkwe aliyekuta chungu kimeungua. Mwenye kisu ni fundi bomba, mtu mzima mwenye mabuti ya mpira, lakini anainamisha kichwa.

"Umetia mafuta ya kupikia?"

"Kidogo tu, mama. Kilikuwa kizito kufunguka."

"Kidogo! Ulitaka kukikaanga?"

Anafungua skrubu ya katikati, bapa linatoka, na ndani kuna uji mweusi wa mafuta yaliyoganda, vumbi na nyuzi za mfukoni. Anausugua kwa mswaki mkuukuu na kuufuta kwa kitambaa mpaka chuma kinang'aa. Kisha anachovya ncha ya sindano katika mafuta ya cherehani na kudondosha tone moja pale bapa linapozungukia. Tone moja, basi.

Anarudisha skrubu, anaikaza, anailegeza kidogo, anaikaza tena. Ikibanwa mno bapa hugoma. Ikilegea, bapa hucheza kama jino la mtoto. Akiridhika, anachukua rangi nyekundu ya kucha na kuchora mstari mwembamba kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye mpini. Rangi hiyo huizuia skrubu kulegea ovyo. Pia mtu akiifungua, mstari hukatika, na Bi Makali hujua kwamba mkono mwingine umepita hapo.

Jina lake halisi hulisikii katika mtaa huu. Ukiuliza kama aliitwa Bi Makali kwa sababu ya visu au kwa sababu ya mdomo wake, majirani wanacheka na kusema ukae naye nusu saa utapata jibu. Ana miaka hamsini na mmoja, kumi na tisa kati yake akiwa kwenye chumba hiki cha hatua nne kwa tatu, kilichobanwa kati ya fundi viatu na duka la kufuli. Kazi alifundishwa na baba yake mdogo, fundi kufuli, aliyesema kuwa mtoto anayevunja kila kitu nyumbani ni afadhali afundishwe na kuunga.

Visu anavyovipenda ni vya kukunja, vile vyenye springi ndani. Wafanyakazi huvipenda kwa sababu hufunguka kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeshika mzigo. Anaeleza huku anakifungua na kukifunga kimoja, tak, tak, bila kukiangalia.

"Kikiwa kimefungwa, springi inalivuta bapa libaki ndani. Ndiyo maana hakifunguki mfukoni kikakuchoma. Ukisukuma hiki kijino kwa kidole, mwanzoni kinakataa. Ukifika hapa, upana wa ukucha tu, springi inageuka upande wako na kulimalizia bapa safari. Wewe unaanza, yeye anamaliza."

Bapa likishafika mwisho, ulimi mwembamba wa chuma ulio ndani ya mpini huruka na kusimama nyuma yake. Mafundi huuita kiulimi. Ili ukifunge kisu, ni lazima ukisukume kiulimi pembeni kwa dole gumba.

"Sasa nisikilize vizuri," anasema, na sauti inapanda. "Springi ni ya kufungua. Bapa likishafunguka, haishikilii kitu! Kinacholinda vidole vyako ni kiulimi. Mtu asiyejua hilo asiguse kisu changu kwa tupa yake ya kukwangulia chuma."

Hapo ndipo hasira ilipo, na si hasira ya bure.

Nyuma yake, kwenye kigoda, ameketi wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye sauti ndogo. Miaka sita amefungua makasha katika ghala kubwa lililo mwisho wa barabara hii, akikata mikanda ya plastiki kutwa nzima. Wiki tatu zilizopita mkanda ulikaza, bapa likanasa, akalisukuma. Kisu kikajikunja juu ya mkono wake wa kulia.

Kidole cha kati na cha pete havikunjiki tena. Daktari amesema mshipa uliokatika unaweza kuungwa, lakini si wakichelewa. Asubuhi Bi Makali ndiye anayemfunga vifungo vya blauzi na kumsuka nywele, wakitaniana kama mawifi wanavyotaniana, mmoja akilalamika kuwa anavutwa nywele makusudi, mwingine akisema ndiyo, ni makusudi.

Ghala halijalipia hata bandeji. Badala yake lilimletea karatasi ya mistari mitatu, ikisema kwamba alizembea, kwamba kisu kilikuwa kizima, na kwamba hana dai lolote. Akitia sahihi atarudi kazini kufagia. Asipotia, asirudi.

Mume wa Bi Makali, mshona viti vya magari, alikuwa radhi mambo yaishe. "Funika kombe mwanaharamu apite," alimwambia mkewe mezani. Kati ya kila visu kumi anavyotengeneza Bi Makali, saba hutoka ghala hilo. Nyumba ingekosa hivyo saba, ingekula nini?

"Nikamwambia, baba watoto, hili kombe nikilifunika, ndani yake kuna vidole vya dada yako. Chakula hakumaliza."

Jana saa nne asubuhi msimamizi wa ghala alikuja mwenyewe. Siku mbili kabla alikuwa ametuma boksi la visu kumi na viwili, kikiwemo kile kilichomkata wifi, akitaka springi zikazwe na "ule ulimi upunguzwe zaidi" ili wafanyakazi wafunge haraka. Neno "zaidi" ndilo lililomfanya Bi Makali avifungue vyote siku hiyo hiyo.

Vyote kumi na viwili vilikuwa vimetoka mikononi mwake miezi minne nyuma. Mistari yake myekundu ilikuwa imekatika, na kila kiulimi kilikuwa kimepigwa tupa mpaka ncha ikawa mviringo. Kuzunguka kila bapa kulikuwa na vumbi la maboksi lililochanganyika na gundi ya utepe. Visu havikuwa na ugonjwa wowote ila uchafu. Dakika tano za mswaki kwa kila kimoja na tone la mafuta, basi. Mtu aliona kisu ni kizito kufunga, akadhani bapa linashikiliwa na springi, akakata kitu pekee kilichokuwa kinalishikilia.

Msimamizi, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, alianza kwa kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema ghala zima linamheshimu, hakuna fundi kama yeye, na mwakani wataongeza kazi. Kisha akatoa karatasi: fundi athibitishe kwamba kisu kiliharibiwa na mtumiaji.

"Nani alifungua skrubu hii, mwanangu?" Bi Makali alimuuliza, akiweka mbele yake kile kisu kilichomkata wifi.

"Mama, hayo ni mambo ya kiufundi."

"Nakuuliza mimi fundi. Nani?"

Kijana akatazama mlango. "Wakubwa walisema tunapoteza muda kufunga visu. Mimi natumwa tu."

"Na tupa nayo ulitumwa uishike?"

Kijana akasema wifi angeweza kuwa mwangalifu zaidi, na kwamba vidole viwili si mkono mzima. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huyu alisema hivyo mwenye mzigo akiwa ameketi hatua mbili kutoka kwake.

Kisha Bi Makali akavuta boksi lililokuwa chini ya benchi na kulisukuma hadi kifuani pa msimamizi. Ndani mlikuwa na visu kumi na kimoja, vipande vipande, katika vifuko. Katika kimoja mabapa, katika kingine springi, kingine skrubu, kingine mipini, vyote vimeoshwa na kukaushwa.

"Chuma kilicholiwa na tupa hakirudi. Viulimi vipya ningevikata mwenyewe bila malipo, kama ungeleta watu badala ya karatasi. Chukua mali yenu, bwana msimamizi. Mkitaka kumkata mtu mwingine, kwanza mjifunze kuunga."

Vifuko havikuwa na kile kisu kimoja. Kile kimebaki, kimefungwa kwa kitambaa, hakijasafishwa, na Jumatatu kitaenda pamoja na wifi katika ofisi ya kazi.

Kazi ya ghala imekwisha. Bi Makali halifichi hilo, wala hajifanyi halimuumi. "Naogopa. Nani amesema siogopi? Lakini nikifikiria vile vidole, woga unageuka hasira, na hasira angalau inanisimamisha." Anachotaka anakitaja bila kumung'unya: mkono wa wifi utibiwe kwa gharama ya ghala, aombwe radhi mbele ya wenzake, na kila mfanyakazi afundishwe kusafisha kisu chake. Mafunzo hayo atayatoa yeye, bure.

Kazi imeisha, lakini habari zina miguu. Saa sita na nusu, wakati wa mapumziko, mlango unazibwa na watu. Ni wafungua makasha, tisa, wangali na vumbi la maboksi kwenye nyusi. Wa mbele, mwanamume mnene aliyekuwa akifanya kazi pembeni ya wifi, anaweka kisu chake juu ya benchi. Mstari mwekundu umekatika.

Bi Makali ananyoosha mkono kuchukua bisibisi.

"Usitengeneze kwanza, mama," anasema yule mwanamume. "Kwanza andika. Andika umekikutaje, na jina langu uliweke hapo. Tumekubaliana wote."

Bi Makali anatafuta kalamu kwenye droo, kwenye kopo la skrubu, kwenye mfuko wa aproni. Kumbe kalamu iko kwa wifi. Amesogeza kigoda hadi kwenye benchi, amegeuza ile karatasi ya ghala ya mistari mitatu upande mweupe, na kalamu ameishika kwa mkono wa kushoto.

"Wewe kagua unitajie, wifi," anasema. "Mimi nitaandika."

Herufi zinatoka kubwa na zimepinda. Kisu cha kwanza, kiulimi kimepigwa tupa. Cha pili, vivyo hivyo. Kwenye cha tano mtu anajitolea kumpokea kalamu, lakini wifi anaivutia kwake na kuuliza jina la mwenye kisu cha sita linaandikwaje.