Mkono Mzima Ulifungwa

Tangu kiharusi kimwangushe Apolline kwenye cherehani yake, pale mtaani Mabanga, mkono wake wa kuume ulikuwa umelala tu mapajani. Vidole vilipoanza kucheza kidogo, Rosine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye wagonjwa humwita kine, alitoa agizo lililomkosesha Achille raha. Kila mchana, kwa saa chache, mkono mzima wa mkewe ufungwe kwa kitambaa, ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Na asisaidiwe! Achille alikubali kwa shingo upande. Kumwona Apolline akitokwa jasho ili kuokota punje moja ya maharagwe kulimuuma sana, lakini mshonaji bila mkono wa kuume ataishije?

Mchana mmoja, punje zikimponyoka Apolline na kutawanyika sakafuni, Mama Séraphine, mama yake mzazi, aliingia bila hodi akitokea Butembo.

“Achille! Unafunga mutoto wangu sawa mbuzi?”

“Mama, ni kine alisema…”

“Kine gani? Leo hii ninamupeleka kwetu.”

Akapiga magoti, akakivamia kile kitambaa cha kitenge kwa kucha. Achille alinyoosha mkono kumzuia, akaurudisha. Alilelewa kumheshimu mkwe, asimguse wala kumpazia sauti, na sasa heshima hiyo ilimzuia. Huko Butembo Apolline angelishwa na kuvishwa na shangazi zake kwa upendo wote, na mkono ungekufa kwa upendo huohuo.

Apolline mwenyewe alitaka kusema, ila ulimi wake ulikuwa bado mzito. Akauinua ule mkono mgonjwa, polepole, ukitetemeka, akamdaka mama yake kifundo cha mkono. Akambana kweli kweli.

“Aii! Niache!”

Hakuweza kumwachia. Vidole vya mgonjwa wa namna hii hukunjika upesi, kukunjuka ndiko vita. Séraphine akaanza kujinasua kwa nguvu.

“Usivute, mama!” Achille alifoka, akajiogopa mwenyewe. “Acha afungule ye mwenyewe!”

Apolline akauma mdomo. Kidole cha mwisho kikainuka kidogo, kikarudi, kikainuka tena. Machozi yalimtoka, lakini hakutazama kitu kingine chochote.

Séraphine akaacha kuvuta. Aliketi sakafuni palepale, juu ya maharagwe, mkono wake ungali umeshikwa.

“Fungula, mwana wangu,” alisema, sauti ikimkatika. “Niko hapa. Sitakusaidia.”